Barua mbili za tarehe moja

Tarehe 14 Machi 1979 babu yangu aliandika barua mbili akiwa Uganda kwenye vita ya Kagera, akaziweka kwenye bahasha mbili, na zote zikaja kwenye S.L.P. moja ya shule ya msingi huku kwetu Misungwi, Mwanza. Moja ya bibi, nyingine ya mdogo wake aliyekuwa anafundisha hapo shuleni, ambaye sisi wajukuu tulimwita Babu Mwalimu mpaka anafariki. Ya bibi ni hii, naiweka kama ilivyo (michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa):

"MKE WANGU. SALAMU NYINGI SANA. MIMI NI MZIMA WA AFYA. HOFU NA MASHAKA NI JUU YENU MLIO MBALI NA UPEO WA MACHO YANGU. HUKU MVUA ZINANYESHA. NYASI NI NZURI NG'OMBE WETU WANGENENEPA. CHAKULA KIPO. WATOTO WASITEMBEE PEKU MATOPENI WATAPATA MINYOO. NIMEKUMBUKA MICHEMBE. WASALIMIE WOTE. MIMI MUMEO."

Na hiki ni kipande cha ile ya Babu Mwalimu, mwandiko mdogo wa kuunganisha, kalamu ya bluu ambayo inaonekana ilikuwa inagoma goma:

"Ndugu yangu hii usimsomee shemeji yako. Jumamosi jioni tulikimbia. Sisemi tulirudi nyuma kama wakubwa wanavyosema, nasema tulikimbia. Makombora yalikuja mengi kwa mara moja yakapita juu ya vichwa yakaangukia nyuma yetu, karibu yangu sijaona aliyeumia, ila ule mlio sijawahi kuusikia tangu nizaliwe. Nilizama matopeni mpaka magoti nikatoka na kiatu kimoja. Bunduki ninayo. Kiatu sina."

Sasa rudi usome ile ya bibi, pale kwenye watoto na matope.

Hizi barua nimekaa nazo muda sasa. Za bibi zilikuwa kwenye sanduku lake la bati chini ya vitenge, hajawahi kuzificha wala nini, ni sisi tu hatukuwahi kuuliza. Za Babu Mwalimu zilitoka baada ya msiba wake, watoto wake walivyokuwa wanapanga vitu vyake wakakuta faili la shule limeandikwa MAHUDHURIO STD IV, ndani hamna mahudhurio yoyote, ni barua za vita. Nikaomba nizipige picha na simu, wakanipa zote nikae nazo. Nilipozipanga mezani kwa tarehe ndo nikaona zinakuja mbili mbili.

Ngoja nieleze kwanza kwa nini za bibi ni herufi kubwa tupu. Bibi hakusoma shule, alisoma kisomo. Kama ni mtu wa Kanda ya Ziwa wa umri wa wazazi wangu utakuwa unaelewa, ule mradi wa UNESCO wa kisomo cha watu wazima ulianzia huku Mwanza mwaka 1968 na ukawa unafundisha kusoma kupitia kilimo, yani unajua herufi na unajua namna ya kupanda pamba kwa wakati mmoja. Bibi alifanya ule mtihani wa taifa wa 1975 akafaulu, cheti alikuwa nacho, alikuwa anakionyesha. Ila herufi alizofundishwa ni zile za kwenye kitabu. Mwandiko wa kuunganisha aliuita nyoka nyoka na hakuwa anauweza. Kwa hiyo babu kila akimuandikia alikuwa anachapa herufi moja moja kubwa kama mtu anaandika bango la duka, na sentensi fupi fupi ili mkewe asichoke.

Na mimi nadhani, hili ni la kwangu, kwamba hizo herufi zilimsaidia kuficha. Ukiandika herufi kubwa moja moja kwa penseli kwenye goti, huna nafasi ya kueleza mambo mengi. Unaandika mvua, nyasi, chakula kipo. Mambo mengine yote yalikuwa yanaenda kwenye bahasha ya pili.

Babu hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mkulima wa pamba na mgambo wa kijiji, yani ule mgambo wa kwata Jumamosi na fimbo badala ya bunduki. Vita ilipoanza Oktoba 1978, Amin alivyoingiza majeshi Kagera na kutangaza kwamba eneo lote mpaka mto ni lake, Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya tarehe 2 Novemba ambayo hata mtoto wa leo anaijua, sababu, nia na uwezo. Jeshi tulilokuwa nalo halikutosha kwa vita ya namna ile, wakaongeza polisi, magereza, JKT na makumi ya maelfu ya mgambo, na huyo babu yangu akiwemo, baba ya watoto wanne, mkubwa ambaye ni baba yangu alikuwa na miaka saba. Wakapewa mafunzo ya harakaharaka. Malori na mabasi ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari, wananchi wakatoa ng'ombe na unga. Januari wakapandishwa meli Mwanza kwenda Bukoba.

Barua ya kwanza kutoka Kagera ndo pekee ambayo mbili zinafanana. Kwa bibi: "WAMECHUKUA NG'OMBE WOTE. ZIZI LIMEBAKI MAVI MAKAVU." Kwa Babu Mwalimu karatasi nzima ni ng'ombe. Askari wa Amin walikuwa wamefagia mifugo ya watu pamoja na ile ya ranchi ya Missenyi wakaivusha Uganda, na Msukuma wewe mpitishe kwenye mazizi matupu maili baada ya maili uone atakavyoandika. Nyumba zilizochomwa anazitaja mstari mmoja. Daraja la Kyaka lililolipuliwa mstari mmoja. Ng'ombe ukurasa mzima, mpaka anakadiria zizi fulani lilikuwa la mtu wa ng'ombe wangapi kwa kuangalia upana wake. Hilo aliona mkewe anaweza kuambiwa, kwa sababu ni jambo ambalo wote wawili wanaweza kulikasirikia bila kuogopa.

Baada ya hapo barua zinaachana njia.

Mwishoni mwa Januari walivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula. Mwezi uliofuata, tarehe 24, mji wa Masaka ukatekwa. Kwa bibi ameandika: "TUMEFIKA MJI MMOJA NDIZI NI NYINGI MNO. NIMEKULA MATOKE SIJASHIBA LAKINI NI MATAMU." Kwa mdogo wake ameandika kwamba mji ulipigwa mizinga na baadaye majengo yakalipuliwa kwa baruti kulipiza ya Kagera, na kwamba yeye alisimama anaangalia jengo la duka linaanguka na vijana wanashangilia na yeye akashangilia. Halafu anaendelea:

"Jana tumeingia kwenye mji wa bibi mmoja mzee kuomba maji. Tumebisha hodi kwa Kiswahili, mama shikamoo, tunaomba maji. Yule mama amepiga magoti ametoa ufunguo wa nyumba anatukabidhi. Mwenzetu mmoja Mhaya anaelewa lugha yao ndo akatuambia, anasema chukueni kila kitu mniachie mjukuu. Kumbe huku Kiswahili wanakijua ni cha askari wa Amin, akikusemesha Kiswahili amekuja kuiba. Tumemrudishia ufunguo. Ameendelea kupiga magoti. Tukaondoka bila maji."

Hii habari niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye daladala imesimama foleni, nikashuka kituo ambacho sio changu.

Sasa Lukaya, pale walipokimbia ile Jumamosi. Babu hataji jina la mahali popote, anaandika "huku nilipo", lakini ukichukua tarehe na kinamasi huna haja ya kuambiwa. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi kikubwa, pembeni mafunjo na matope, gari haliwezi kushuka barabarani. Gaddafi alikuwa ameshatuma askari wa Libya kumuokoa Amin. Jioni ya tarehe 10 Machi wakaja na vifaru na makombora ya Katyusha, na waliokuwa mbele upande wetu ni Brigedi ya 201 ambayo karibu yote ilikuwa mgambo. Watu waliotoka kupalilia pamba miezi michache nyuma. Makombora mengi yalipita juu yao kama babu anavyosema, lakini mgambo hawakujua kwamba kombora linalokupita halikuui, walijua mlio tu, wakatawanyika. Usiku ule ikabidi wapangwe upya gizani, na Brigedi ya 208 ikageuzwa kuzunguka kutokea kaskazini kuwakata adui kwa nyuma, asubuhi ya tarehe 11 ikapigwa kotekote na Walibya wakafa wengi, wanaotajwa ni kama 200. Hiyo asubuhi babu naye alirudi mbele.

"Asubuhi tumerudi. Hakuna aliyetuchapa wala kutukana, wamesema tu haya vijana pangeni mstari. Ningetukanwa ingekuwa nafuu. Nimekwenda mguu mmoja kiatu mguu mmoja peku. Barabarani wamelala wengi, ni weupe kama Waarabu wa dukani mjini, wadogo. Mmoja ana viatu vipya vizuri. Nimesimama pale. Namba yake ni ndogo kwangu nimeona kwa macho. Mwalimu, ningekuwa na mguu mdogo sijui leo ningekuandikia nini."

Nimeiandika yote kwa sababu kuna watu kwenye ukoo wanasema babu alikuwa anapenda kusimulia vita. Alikuwa anasimulia kweli, ila alisimulia Saba Saba, ile mizinga yetu ya makombora, alikuwa anatoa mlio wake kwa mdomo tunacheka, na alisimulia Jenerali Msuguri alivyopita akiwa na fimbo. Viatu vya yule kijana wa Kilibya hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvisikia.

Hapo mambo yangeendelea hivyohivyo mpaka mwisho wa vita, bibi na nyasi zake, mwalimu na mengine. Kilichoharibu mpango ni ndege.

Tarehe 29 Machi ndege ya Libya, Tu-22 ya Kirusi, ilikuja kupiga Mwanza. Lengo lilikuwa matangi ya mafuta. Mabomu yakakosa yakaangukia kisiwa cha Saanane, pale kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Hakufa mtu. Leo ukienda Saanane kupiga picha na mawe yale makubwa hutodhani. Lakini huko alipo babu habari haikufika na swala, ilifika kwamba Mwanza imepigwa mabomu, basi. Na kutoka mjini mpaka kijijini kwetu sio mbali.

Fikiria sasa. Miezi yote ameandika hofu na mashaka ni juu yenu, kama barua zote za wakati ule zilivyoandikwa, kila mtu aliandika hivyo hata anayeomba hela ya sabuni. Sasa ikawa kweli. Na alipoandika aliandika kwa haraka, kwenda kwa bibi, nyoka nyoka tupu. Alisahau herufi kubwa. Barua yenyewe haieleweki vizuri hata kwangu, maneno yamerukwa, anauliza watoto watatu kwa majina wa nne amemsahau, anauliza kama paa lipo, anamwambia bibi achimbe shimo nyuma ya nyumba kama wao wanavyochimba, urefu wa mtu, mabomu yakija waingie walale kifudifudi wafungue mdomo ili masikio yasipasuke, na asimwamini mtu anayesema vita iko mbali kwa sababu "mimi nimeona jinsi inavyokuja."

Bibi akaishika karatasi akaona hawezi kusoma hata neno. Akaenda nayo shuleni. Hii sehemu ananisimulia yeye mwenyewe, bado yupo na kichwa kinafanya kazi kuliko cha kwangu. Anasema Babu Mwalimu aliipokea akasoma yote kwa sauti bila kukwama popote, mwandiko ule mbaya, anautiririsha kama maji. Bibi akamwangalia mpaka akamaliza. Akamuuliza, shemeji, huu mwandiko umeuzoea wapi?

Babu Mwalimu alikuwa mtu mwongo sana kwa mujibu wa bibi, lakini sio wa kumdanganya mwanamke anayemtazama machoni. Akatoa faili. Bibi akakaa kwenye dawati la darasa la nne akasomewa zote kuanzia mazizi ya Kagera, Masaka, ufunguo wa yule bibi mzee, Lukaya, kiatu, yule kijana mweupe. Watoto walisharuhusiwa kwenda nyumbani. Anasema hakulia, alikasirika. Nikamuuliza alikasirikia nini, vita? Akaniambia vita naanzaje kuikasirikia, nilimkasirikia babu yako, mimi nimesoma kisomo miaka mingapi ili niandikiwe habari za nyasi?

Jibu lake lipo. Katika majibu yake yote hilo tu ndo limebaki, babu alirudi nalo kwenye pochi, limekatika kwenye mikunjo na mimi nimelibandika na selotepu, najua wataalamu wa nyaraka watanilaani. Penseli, herufi kubwa:

"MUME WANGU. NIMESOMEWA ZOTE. HATUJAPIGWA BOMU. WAMEKUFA SWALA. SHIMO TUMECHIMBA BARABARA KAKA ZANGU WAMESAIDIA. KAMA UNA JAMBO NIANDIKIE MIMI. HERUFI UNAZIJUA. TAFUTA KIATU."

Hapo Kampala ilikuwa imeshaanguka, tarehe 11 Aprili, watu wamejaa barabarani wanashangilia, na babu alikuwa ameshaandika bahasha mbili nyingine kabla jibu halijamfikia. Kwa hiyo tunayo Kampala ya bibi, "MJI MZURI UNA MILIMA SABA," na Kampala ya mwalimu, maduka yamevunjwa vioo vimejaa njiani, raia wanabeba magodoro kichwani na askari nao wanabeba, "vijana wamevaa saa mpaka kwenye kiwiko." Hilo la wizi huwa halisemwi sana huku kwetu kila ikifika Siku ya Mashujaa, lakini ndo ukweli na yeye alikuwepo.

Baada ya jibu la bibi, barua za Babu Mwalimu zinaisha. Kuna moja tu ya mwisho, mistari miwili, kwamba shemeji yako amenikataza. Kuanzia Mei ni herufi kubwa tupu, na zinakuwa ndefu, kurasa tatu nne, jamani mtu kuandika kurasa nne kwa herufi kubwa na penseli ni kazi. Anamwandikia mkewe kuhusu rafiki yake wa Geita aliyekufa kwa homa kitandani na sio kwa risasi. Anamwandikia kwamba akisikia mlango unabamizwa analala chini kabla hajajua anafanya nini. Anamwambia wanatembea kwa miguu tu, nchi nzima wameimaliza kwa miguu. Vita yenyewe iliisha tarehe 3 Juni walipofika mpaka wa Sudan, lakini hawakurudishwa wote, jeshi letu lilikaa Uganda mpaka 1981, yeye alirudi mapema zaidi. Herufi nazo zinabadilika. Mwanzoni zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula, mwishoni zinaanza kuegemeana, na sentensi hazina nukta.

Moja ya Juni anamuuliza bibi ushauri. Kuna askari mwenzake anauza saa bei ya kutupa, nzuri, inang'aa, na Babu Mwalimu aliwahi kuomba saa tangu babu anaondoka maana shuleni walikuwa wanagonga kengele kwa kukadiria jua. "NIMLETEE MWALIMU SAA AU NISIMLETEE. NI SAA YA MTU. MWENYEWE SIMJUI. YULE ANAYEUZA NAYE HAMJUI."

Jibu halipo, lakini bibi anasema alijibu neno moja na ukimfahamu bibi unalijua. Babu alirudi na kitambulisho cha mgambo, koti la jeshi na buti mpya pea moja. Nchi ilikuwa kwenye ile miezi 18 ya kufunga mikanda, sabuni hamna, sukari foleni, na saa ya kununua dukani usingeipata hata ukiwa na hela. Babu Mwalimu aliendelea kugonga kengele kwa jua, na mpaka anastaafu kila akichelewa kwenye shughuli ya ukoo alikuwa anaingia anasema kwa sauti, msiniulize mimi, muulizeni shemeji yangu.